Saa za Kukosea

Mlango wenyewe haukuwa umefungwa. Hilo ndilo lililomwandama Tusekile tangu aliposikia habari ile mpaka alipofika shuleni akauona kwa macho yake. Mvua ya Tukuyu, ambayo ikishaanza haijui kwao, ilikuwa imeulowesha ubao ukavimba, ukang'ang'ania fremu. Basi. Bega moja la mtu mzima lilitosha. Mateke mawili ya watoto yalitosha. Na kama mlango ulikataa kabisa, madirisha sita yalikuwa wazi, tena ya chini, yalimfika mtoto kiunoni.

Ndani ya darasa lile walikaa watoto arobaini na saba, tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Mwalimu wao alikuwa ameitwa kwenye kikao mjini, akadhani wa zamu atawatazama. Mmoja wa watoto, Anyosisye, alikuwa na pumu, na dawa yake ilikuwa bwenini. Kifua kilipoanza kumbana wenzake hawakumtupa, jamani, wasije wakasingiziwa. Wote waliijua huduma ya kwanza ya pumu kuliko manesi wengi: mkalishe wima, mlegezee shati, mpe dawa yake, na kuendelea. Wakamkalisha wima. Wakamlegezea shati. Hatua ya tatu ikakwama kwa sababu dawa haikuwepo, na hatua ya nne haiji kabla ya ya tatu. Wakarudi mwanzo. Wakamkalisha wima tena, wakalegeza shati lililokwisha kulegezwa. Hakuna aliyepiga kelele, maana hakuna somo linalosema ukiwa darasani piga kelele. Hakuna aliyeruka dirisha. Mwalimu aliporudi na kuusukuma mlango aliwakuta wamemzunguka mwenzao, wapole, wamenyooka, bado wanazirudia hatua zilezile mbili, na mwili wa mtoto ulikuwa umeshaanza kupoa.

Aliyekuwa amemshika mkono ni Atuganile, mjukuu wa Tusekile.

Na hapo lazima ukweli usemwe hata kama unauma. Tusekile Mwaipopo hakuwa bibi wa kawaida aliyekuja kumpa pole mjukuu. Mtaala ule ulikuwa wake.

Kila mtoto wa nchi hii, akitimiza miaka sita, aliwekewa mbegu nyuma ya sikio, kitu kidogo kama punje ya ulezi. Asubuhi watoto walikaa kimya robo saa, macho wamefumba, mbegu ikaotesha somo la siku. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa akipiga hesabu zilizowatoa jasho baba zake kidato cha nne. Lakini ajabu haikuwa mbegu. Mbegu ni chombo tu. Ajabu ilikuwa mtaala uliotiwa ndani yake.

Wataalamu wa kwanza walitaka mbegu ifundishe kama walimu wa zamani walivyofundisha: swali, mtoto akisie, akosee, asahihishwe, arudie. Tusekile, wakati huo mkuza mitaala mwenye haraka ya maisha, ndiye aliyekaa na saa mkononi akapima. Akaona mtoto hukosea mara kumi na moja kabla hajajua kugawanya sehemu. Mara kumi na moja! Akajumlisha makosa ya masomo yote, akapata miaka minne na ushee ya utoto inayoteketea bure. Katika jedwali lake aliipa safu ile jina, "saa za kukosea", kisha akaipiga mstari mwekundu kuanzia juu mpaka chini. Kuanzia hapo kila swali lilifungwa moja kwa moja na jibu lake, bila kona, bila kupapasa. Wakauita Mtaala Mnyoofu. Yeye wakamwita Mama Mnyoofu na, tusifichane, jina lile alilipenda.

Walimkalisha na Atuganile katika ofisi ya mwalimu wa malezi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu umemwacha na nani?"

Huko kwao, bibi humtania mjukuu wa kike hivyo, na mjukuu naye hurudisha moto. Atasema mume ni wake peke yake, bibi keshazeeka, akapumzike jikoni. Tusekile alipokuwa na umri ule alikuwa akimjibu bibi yake mpaka wageni wanashika mbavu. Atuganile alimtazama kwa adabu.

"Babu alifariki, bibi. Marehemu hana mke."

"Nakutania, mama."

"Ndiyo, bibi."

Akasubiri. Alikuwa mtoto mzuri, jamani, mwenye shingo ndefu ya baba yake, na vidole vilivyotulia mapajani kama vimegundishwa. Tusekile akavuta kiti karibu.

"Mlango ulipokataa, ulifanya nini?"

"Nilisubiri ufunguliwe."

"Na dirisha je?"

"Dirisha ni la hewa na mwanga."

"Mtu hawezi kupita dirishani?"

Mtoto akalitazama dirisha la ofisi, kisha mlango. "Kupita ni mlangoni, bibi."

"Hukuogopa?"

Hapo uso wote ukaporomoka. "Niliogopa sana! Anyosisye alikuwa ananitazama mimi. Mimi ndiye wa kwanza darasani, kwa hiyo alikuwa ananitazama mimi. Nilitafuta jibu, bibi. Nilitafuta kwenye baiolojia, nikatafuta kwenye afya, nikatafuta mpaka kwenye jiografia. Halikuwepo."

Tusekile akamkumbatia. Miaka kumi na minane alikuwa akiwahutubia watu juu ya mtaala wake, akijibu hoja za maprofesa bila kupepesa jicho. Siku hiyo alimfuta mtoto machozi kwa upindo wa kanga. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

*

Swali lililomsumbua lilikuwa moja. Mtaala haukutupwa tu hewani; ulijaribiwa. Kwa miaka mitatu ulifanyiwa majaribio katika shule moja ya mlimani, Itula, na watoto wa Itula hawakuwa hivi. Sasa ni vijana. Walikuwa wakibishana, wakidanganya, wakioa kwa fujo, wakitengeneza pampu za maji kwa vipuri vya pikipiki. Mbegu ni ileile, mtaala ni uleule. Kwa nini?

Akapanda Itula kumtafuta Mwalimu Ambwene, aliyekuwa mkuu wa shule wakati wa majaribio. Mzee alikuwa amestaafu, anaishi nyuma ya shule kwenye nyumba ya tofali za kuchoma, kuta zimepinda kidogo upande wa magharibi.

"Karibu, Mama Gwakisa," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Usiegemee ukuta huo. Ulijengwa na wanafunzi wako wa majaribio. Choo walichonijengea kwanza kilianguka."

"Kikaanguka?"

"Pwaa! Nimo ndani. Wakajenga kingine." Akacheka peke yake, kisha akaona mgeni hacheki. "Nimesikia habari za shule ya mjukuu wako. Pole sana."

Tusekile akaeleza kilichomleta. Ambwene alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia chumbani na kutoka na faili lililoliwa pembeni na panya. Lilikuwa nakala yake mwenyewe ya ripoti ya majaribio, iliyoandikwa kwa mkono kabla ya kupelekwa kwenye jopo la mitaala.

"Ukurasa wa mwisho," alisema.

Tusekile akasoma. "Umeme wetu wa jua unatosha asubuhi tu. Mchana watoto hawana somo, kwa hiyo ninafyatua nao matofali ya darasa jipya. Ninaona kama mambo ya asubuhi yanawaingia vizuri zaidi huko kwenye matofali. Naomba jopo litazame."

Akausoma tena. Alikuwa anaukumbuka ukurasa ule vizuri mno. Pale kwenye jopo walikuwa na utaratibu wao, na aliyeuweka ni yeye: ripoti ya shule haipelekwi juu kama ilivyo, inahamishiwa kwenye jedwali, na kisicho na safu yake hakihamishwi. Alama zilikuwa na safu. Mahudhurio yalikuwa na safu. Muda wa somo ulikuwa na safu. Matofali hayakuwa na safu. Aliandika pembeni, "Si sehemu ya somo," akaifuta aya ile, akaenda kunywa chai.

"Uliwafundisha nini huko kwenye matofali?" aliuliza.

"Sikuwafundisha kitu, mama, ndiyo raha yake. Kalibu ya kufyatulia usipoilowesha na kuinyunyizia mchanga, tofali linatoka limevunjika. Mimi najua. Sikuwaambia. Nilikaa pembeni na hindi langu la kuchoma, wakavunja matofali mia mbili. Walitukanana, wakalia, wakapigana kidogo. Siku ya nne mmoja akajaribu majivu. Majivu si mchanga, lakini nayo yanasaidia. Basi nikaenda zangu kulala."

"Kwa hiyo majaribio yangu yalifaulu kwa sababu ya matofali yako."

"Sijui kama ni kwa sababu hiyo. Mimi ni mwalimu wa kijijini. Niliandika mtazame."

"Sisi tukapendekeza kila shule ipewe betri kubwa," Tusekile alisema, na sauti ilikuwa inamwishia. "Tukasema Itula walipoteza mchana wote. Tukawapeleka watoto bweni, tukaongeza somo la mchana, tukaongeza la jioni. Mimi ndiye niliyepigania hilo. Nilisema mtoto wa mkulima naye ana haki ya siku nzima."

Ambwene aliangalia nje, mahali watoto wa sasa walipokuwa wamejipanga mstari mmoja kwenda bafuni, hakuna anayemsukuma mwenzake.

"Miaka yote nilidhani ulisoma ukaona ni upuuzi," alisema.

"Sikusoma kwa kufikiri, mwalimu. Nilifuta tu."

Mzee hakumwambia usijali. Hakumwambia sote ni binadamu. Alikuwa mwalimu wa miaka thelathini na minane, na mwanafunzi aliyekosa hakumpa alama za huruma. "Wahenga walisema," alianza, "mchuma janga..."

"Hula na wa kwao," Tusekile akamalizia. "Najua, mwalimu. Nimeshakaa mezani."

*

Dawa ilikuwepo, kama ni haki kuiita dawa. Madaktari waliiita kufyeka. Mbegu inazimwa, kisha kila ilichokiotesha kinang'olewa, ardhi inabaki tupu, na mtoto anaanza upya mbele ya mwalimu na ubao, akikosea kama walivyokosea waliomtangulia. Angemjua baba yake, angeijua njia ya kwao na ladha ya ndizi. Lakini kusoma, kuhesabu, mito, nyota, kila alichokipata kwa mbegu, kingeondoka asubuhi moja.

Katika watoto thelathini waliofyekwa kwanza, kumi na tisa walianza kujaribu mambo. Mmoja alipanda juu ya paa siku ya tatu, mama yake akalia kwa furaha kisha akamchapa. Kumi na mmoja walibaki hawajui na hawajaribu. Hakuna daktari aliyeweza kusema mapema nani ataangukia upande gani. Na mpaka ulikuwepo: miaka kumi na mitatu. Ikipita hiyo, mizizi ya mbegu inakuwa imeshikana na ubongo wenyewe, ukivuta kimoja umevuta vyote viwili.

Jopo lilitaka sahihi ya mzazi peke yake. Tusekile alisimama akapinga, na safari hii hakuwa na jedwali mkononi. "Tuliwapandia bila kuwauliza," alisema. "Tusiwafyeke bila kuwauliza. Mtoto aandike mwenyewe, ndiyo au hapana, kwa hiari yake, na mtu yeyote asimwambie jibu." Watu walipiga makofi. Wengine walilia. Sharti likaingia kwenye fomu, na kwa mara ya kwanza tangu kifo cha Anyosisye Tusekile alilala usingizi.

Kisha ikafika zamu ya Atuganile, miezi minne baadaye, zikiwa zimebaki siku nne tu atimize kumi na mitatu.

Gwakisa, baba yake, alimleta asubuhi nyumbani kwa Tusekile, mama yake, fomu ikiwa kwenye mfuko wa shati. Hakukaa.

"Anasoma vitabu vya madaktari, mama. Jana kanisomea cheti changu cha hospitali mpaka nimejua ninaumwa nini. Nimrudishe a, e, i, o, u?"

"Sikwambii umrudishe."

"Na nikimwacha, siku moja atakaa kwenye nyumba inayoungua asubiri somo." Akafuta uso kwa kiganja. "Siwezi. Nimejaribu wiki nzima, siwezi. Wewe ndiye uliyempandia mbegu. Umng'oe au umwache, mimi nimekukabidhi. Nimeandika hapo." Akampa fomu, akamshika mtoto kichwani, akatoka kwenda kwenye shamba lake la chai bila kugeuka nyuma.

Timu ya kufyeka ilikuwa kituo cha afya, nyumba ya tatu kutoka hapo. Ingeondoka saa saba mchana na isingerudi kabla ya mwezi kwisha.

Tusekile akatandika karatasi mezani, akaweka kalamu. Akaeleza yote kwa haki, polepole, bila kuegemea upande. Ukikubali utapoteza hiki na hiki. Ukikataa utabaki na hiki na hiki. Kumi na tisa, kumi na mmoja. Mtoto aliyashika yote papo hapo, hata akamkumbusha bibi asilimia zake.

"Sasa wewe unataka nini?"

Atuganile aliitazama karatasi. "Hilo halijafundishwa, bibi."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

"Somo lake litakuja lini?"

"Haliji. Hili ni lako. Andika lolote litakalotoka moyoni."

"Lolote si jibu, bibi."

"Haya, tuanze na dogo. Unataka uji au chai?"

"Asubuhi ni uji."

"Sikuulizi asubuhi ni nini! Nakuuliza unataka nini!"

Alipaza sauti, na mtoto akaanza kutetemeka. Tusekile akaomba radhi, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya jikoni. Aliapa hatasema neno. Sharti ni lake, alilitetea mbele ya watu sitini. Akahesabu kuku wa jirani, akawahesabu tena. Saa tano ikapita. Saa sita ikafika. Alichungulia dirishani: Atuganile hajasogea, kalamu iko mkononi, midomo inacheza, jasho linamtiririka kwenye mashavu. Alikuwa anatafuta. Mtoto wa kwanza darasani alikuwa anapita somo kwa somo, darasa kwa darasa, karibu miaka saba yote, anatafuta mahali palipoandikwa Atuganile anataka nini.

Tusekile akarudi ndani. Zilibaki dakika arobaini.

"Pumzika, mjukuu wangu."

"Bado sijapata." Machozi yalikuwa yanadondoka juu ya karatasi naye anayafuta kwa uangalifu ili isichafuke. "Bibi, nakuomba. Kichwa kinaniuma. Jibu ni lipi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumchukia Tusekile kama alivyojichukia dakika ile. Akinyamaza, saa itaamua, na mtoto atabaki hivi mpaka kaburini. Akisema, atakuwa amempandia tena, kwa mkono uleule na kwa njia ileile iliyonyooka. Alitamani mtoto akisie. Alitamani akosee, aandike upuuzi, achore kuku, achane karatasi, amtukane. Angempigia magoti. Lakini Atuganile alikuwa amemwinulia uso, analisubiri jibu kwa imani yote aliyokuwa nayo duniani.

"Ndiyo," Tusekile alisema. "Jibu ni ndiyo."

Uso wa mtoto ukafunguka. Mabega yakashuka, pumzi ikamtoka ndefu, kalamu ikashuka kwenye mstari bila kusita hata kidogo. Akaandika kwa mwandiko ule mzuri ambao mpaka jioni angekuwa hawezi kuusoma: Ndiyo, ninakubali kwa hiari yangu. Akaweka nukta. Akaigeuza karatasi ili bibi aone.

"Nimepata, bibi?"

"Umepata, mjukuu wangu. Umepata yote."

Atuganile akatabasamu, akaenda kunawa uso, na Tusekile akachukua kalamu akatia sahihi chini, mahali pa shahidi anayeapa kuwa mtoto huyu hakuambiwa jibu na mtu yeyote.